Paneli Ndogo Haina Kosa

Taa za chombo zikizimika usiku wa manane, mshitakiwa wa kwanza ni paneli. "Sola yenyewe ndogo hii," atasema baharia, na fundi akiitwa asubuhi ataunga mkono, maana naye ana paneli ya kuuza. Wati 50 zitakuwa 100, 100 zitakuwa 250, na haupiti mwezi taa zinazimika tena saa ileile. Imani hiyo imezoeleka pwani nzima kiasi kwamba haihojiwi: umeme ukipungua, ongeza paneli.

Sikubaliani nayo. Katika vyombo vingi vidogo paneli ndiyo yenye kosa dogo kuliko vifaa vyote vilivyofungwa. Umeme unapatikana, kisha unapotea: kwenye kivuli cha tanga, kwenye joto, kwenye waya mwembamba, kwenye betri isiyojaa hata siku moja na kwenye inveta inayokesha bila kazi. Chombo kinachovuja hakiponi kwa kuongezewa ndoo ya kufulia maji, kinataka kalafati.

Ubishi wa sola bila hesabu ni kelele tu, kwa hiyo nitaomba msomaji avumilie tarakimu chache. Nyuma ya paneli kuna kibandiko. Kikisema wati 50, maana yake paneli hupimwa hivyo kiwandani, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Mwanga wa namna hiyo pwani tunao, jua likiwa utosini. Nyuzi 25 hatuna. Seli zilizoanikwa juani hupanda hadi nyuzi 60 na zaidi. Ukilikusanya jua la huku, la asubuhi, la mchana na la jioni, siku ya kawaida linalingana na saa tano hivi za mwanga kamili. Wati 50 kwa saa 5 ni wati-saa 250. Toa kinachokwenda na joto, chumvi iliyoganda kwenye kioo, waya na betri yenyewe, unabaki na 150 hivi za kutumia.

Sasa chukua mashua yenye nahodha na mabaharia wawili watatu. Taa za njia za LED, zote pamoja wati 5, zikiwaka saa 12 zinakula wati-saa 60. Taa ya ndani ya wati 3 kwa saa nne, 12. Kuchaji simu mbili, 40. Redio ya VHF ikiwa inasikiliza tu, wati 5 kwa saa sita, 30. Jumla 142. Imetosha, tena kwa paneli ambayo watu wanaicheka kuwa ni ya kuchezea watoto.

Mbona basi taa zinazimika? Panda mlingotini uitazame taa ya nanga. Mara nyingi utakuta balbu ya breki ya gari, ya wati 21, iliyofungwa kwa sababu ndiyo iliyokuwepo siku ile. Kwa usiku mmoja wa saa 12 balbu hiyo peke yake inakula wati-saa 252, kuliko mavuno yote ya siku. Ya LED ya wati 2, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, inakula 24 na huonekana mbali ya kutosha. Kubadilisha balbu moja kumekuokolea umeme kuliko ambao paneli ya pili ya wati 50 ingekuletea, na hukutoboa sitaha hata tundu moja.

Kisha shuka ndani utafute inveta. Imani iliyopo ni kwamba chombo kisicho na inveta hakina umeme wa kweli. Inveta ya wati 1,000 ikiwashwa bila kuchomekwa chochote hula wati 8 hivi kwa kujiendesha tu, na za bei ya chini huzidi hapo. Ikiachwa kutwa kucha, saa 24, imekula 192. Kazi iliyowekewa ni nini? Kuchaji simu, kifaa kinachotaka volti 5. Volti 12 za betri zinapandishwa mpaka 230, halafu chaja inazishusha mpaka 5, na kila hatua inachukua ushuru wake. Soketi ya USB ya kwenye gari, ikiungwa moja kwa moja na betri kupitia fyuzi, inafanya kazi hiyohiyo kwa gharama ya nauli za daladala. Inveta ibaki kwa siku ya kutumia drili, kisha izimwe.

Hayo ni ya matumizi, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuyarekebisha kwa siku moja. Kivuli ndicho kinachohitaji akili zaidi, kwa sababu hasara yake haionekani kwa macho.

Watu husema kivuli kidogo hakina neno. Wanafikiri kivuli kikifunika sehemu ya kumi ya paneli, kimechukua sehemu ya kumi ya umeme. Ingekuwa hivyo nisingeandika makala haya. Paneli ya betri ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 zilizofuatana mfululizo, mkondo mmoja ukipita kwenye zote. Seli moja ikizibwa, mkondo unakwama hapo. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana huweka diodi, kwa kawaida mbili, kila moja ikisimamia seli 18, ili mkondo upite pembeni panapozibwa. Lakini tazama kinachotokea: seli moja imezibwa, nusu nzima ya paneli imerukwa, na nusu iliyobaki inatoa volti 9 hivi. Betri ina volti 12 na kitu. Volti 9 haziwezi kusukuma umeme uingie kwenye 12. Hukupoteza nusu, umepoteza karibu zote.

Asiyeamini aazime mita ya fundi, aiunge kati ya paneli na kontrola inayosimamia kuchaji betri, mita ikiwa kwenye tundu la ampea 10, mchana wa jua safi na betri ikiwa haijajaa. Paneli ya wati 50 itamsomea ampea 2.5 au zaidi kidogo. Kisha aweke kiganja juu ya seli moja tu, asiguse ya pili. Namba itaporomoka kuelekea sifuri mbele ya macho yake, na akiondoa mkono itarudi palepale. Hata baharia mbishi kuliko wote hanyamazishwi na hotuba kama anavyonyamazishwa na mita ile. Kiganja kile ndicho mlingoti, ndicho foromali, ndicho shuka lililoanikwa likaushwe. Kinyesi cha ndege kilichokaukia juu ya seli hufanya kazi hiyohiyo kwa kiasi chake. Kamba nyembamba ni nafuu: yenye unene wa kidole ikiwa mita tatu juu ya paneli, kivuli chake kinafika chini kimeshafifia. Foromali haifanyi hivyo.

Sasa swali la pahali. Kwa desturi paneli hufungwa tezini, karibu na nahodha na betri, na hapo hukaa mwaka mzima. Liangalie jua. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni, jua la adhuhuri linaegemea kaskazini kwa nyuzi karibu 30. Ndio msimu wa kusi, vyombo vinakwenda kaskazini upepo ukiwa nyuma. Jua liko mbele ya omo, tanga limesimama katikati, na kivuli kinaangukia tezi. Tanga lililofika mita 8 juu ya sitaha linatupa kivuli cha mita 4 na nusu kuelekea nyuma, saa zilezile ambazo paneli ingevuna zaidi. Ikifika Desemba jua limehamia kusini kwa nyuzi 17 hivi. Upepo nao umegeuka kuwa kaskazi, chombo kinateremka kusini, na kivuli kinaangukia tezi vilevile. Kwa hiyo anayesafiri na upepo wa msimu, kwenda au kurudi, ana jua mbele na paneli kivulini.

Akitia nanga mambo yanageuka. Omo huelekea upepo, kwa hiyo wakati wa kusi tezi inatazama kaskazini, tanga limekunjwa, na jua linaipiga paneli pasipo kizuizi. Isipokuwa maji yakivuta kwa nguvu kuliko upepo, hapo chombo kinalala kinavyotaka maji. Pahali pazuri pa paneli basi si pa kudumu; panabadilika kwa msimu, kwa safari, hata kwa saa. Na hapa udogo unageuka kuwa faida. Paneli ya wati 50 ina kilo nne au tano. Ipe waya wa mita chache wenye plagi, tia kamba kwenye pembe zake nne, na kijana mmoja ataihamisha kutoka tezini kwenda omo bila kuita msaada. Paneli ya wati 250 ina kilo karibu 18 na ukubwa wa mlango. Hiyo ikishafungwa imefungwa, kivuli kiifuate au kisiifuate.

Sisemi mtu ahangaike kuielekeza kwenye jua kutwa nzima. Ushauri huo wa kuinamisha paneli umetoka kwenye vitabu vya mashua za Ulaya, ambako jua la mchana wakati wa baridi halipandi juu. Southampton mwezi wa Desemba jua la adhuhuri liko nyuzi 16 tu juu ya upeo. Paneli iliyolazwa kule ni kama imefichwa. Kwetu, hata jua likiegemea nyuzi 30, paneli iliyolala inapoteza asilimia 13 tu. Ilaze, iachie mteremko kidogo maji ya mvua yasituame, ukahangaikie kivuli.

Kuna na ile imani kwamba jua likiwa kali zaidi umeme ni mwingi zaidi. Mwanga ndio unaoleta umeme, joto linaupunguza. Kwa kila nyuzi moja juu ya 25, paneli ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu yake. Ikiwa na nyuzi 65 imepoteza 16, na volti zake zimeshuka kutoka 18 hadi 15 hivi. Paneli nyembamba zinazopindika, zile zinazogundishwa kwenye sitaha, ndizo zinazoteseka zaidi kwa sababu hazina upepo chini. Vipande vya mbao vya sentimita 5 vinavyoinua paneli kutoka juu ya sitaha au bati havigharimu kitu, na upepo wa bahari ni wa bure.

Joto hilo likikutana na waya mwembamba, betri haijai kamwe, na hili nalieleza polepole kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapokosea. Betri ya kawaida ya risasi na asidi inataka volti 14.4 hivi ili ijae sawasawa. Paneli iliyochemka ina 15. Umevuta waya wa milimita 1 ya mraba kutoka paneli hadi betri, mita 10 kwenda na 10 kurudi. Kwa ampea 2.8 waya huo unakula volti 1 nzima. Inayofika ni 14. Kontrola inaonyesha taa ya kijani, kila mtu ameridhika, na betri inashinda njaa. Waya wa milimita 4 za mraba ungekula robo ya volti tu. Halafu viungo: waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, ukipigwa na maji ya chumvi msimu mmoja, ukiumenya utakuta shaba imekuwa nyeusi na kijani mpaka ndani. Kiungo kibanwe kwa kifaa chake au kiungwe kwa risasi, kipakwe grisi, kiwekwe mbali na ngama.

Hebu turudi kwa yule aliyeongeza paneli. Aliyoipata kwa bei nzuri mara nyingi ni paneli ya nyumba, ya wati 250, yenye seli 60. Inafanya kazi kwenye volti 30 na ampea 8 na kidogo. Akaiunga kwenye kontrola yake ileile ya bei nafuu, ya aina ya PWM, ambayo haina uwezo wa kubadilisha volti. Inaivuta tu paneli ishuke mpaka kwenye volti za betri. Ampea 8.3 kwa volti 13 ni wati 108. Amenunua 250, anatumia 108, na zilizobaki zinaipasha paneli moto. Paneli ya namna hiyo inataka kontrola ya MPPT, ambayo huzigeuza volti zilizozidi kuwa ampea. Na wauzaji wakishalijua hilo wanataka kila mtu anunue MPPT, hata mwenye paneli moja ya wati 50. Huyo haimfai sana. Paneli yake ikichemka ina volti 15, betri ina 13; ziada ya kugeuza ni ndogo, na sehemu yake inaliwa na kontrola yenyewe.

Betri nayo ina ngano yake: kubwa ndiyo bora. Paneli yetu ya wati 50 inaingiza ampea-saa 13 hivi kwa siku. Betri ya ampea-saa 100 ikiwa imefika nusu, inahitaji siku nne bila taa hata moja ili ijae. Nani atakaa gizani siku nne? Kwa hiyo haijai, na betri ya risasi isiyojaa huota salfeti kwenye sahani zake mpaka inakufa, kisha inalaumiwa paneli. Mbaya zaidi ikiwa ni betri ya gari, iliyotengenezwa kusukuma stata kwa sekunde chache, si kukesha ikiwasha taa. Ya ampea-saa 40 au 50, isiyoshushwa chini ya nusu, inaendana na paneli hiyo. Mwenye pesa ya paneli ya pili mkononi, na anayetaka kuitumia kwa vyovyote vile, ningemwambia aongeze kidogo anunue betri ya lithiamu fosfeti ya ampea-saa 20 au 30. Hiyo haiumii kwa kutojaa, inatumika karibu yote, na inarudisha sehemu kubwa zaidi ya ulichoiingizia kuliko ya risasi. Kontrola tu iwe na mpangilio wake. Tena haina asidi, na asidi ya betri ikichanganyika na maji ya bahari hutoa gesi ya klorini, kitu ambacho hakitakiwi ndani ya chombo.

Najua jibu linalokuja. Paneli siku hizi ni rahisi. Kwa nini mtu apoteze siku kupima waya wakati anaweza kurundika wati mpaka tatizo lifunikwe? Juu ya paa la nyumba hoja hiyo ina nguvu, na nikiwa na paa ningeifuata. Chombo hakina paa la bure. Kila mita ya sitaha ina mwenyewe: nyavu, shehena, miguu ya mabaharia wanaogeuza foromali. Paneli ya wati 250, mita za mraba 1.6, ikiinuliwa na upepo wa noti 25 ikausimamia wima, inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 20. Hata wenye nafasi na fedha hawakuepuka ubahili. Tûranor PlanetSolar, chombo kilichozunguka dunia kwa jua tupu kutoka Monaco Septemba 2010 hadi kurudi Mei 2012, kilikuwa na mita za mraba 537 za paneli. Jumla yake ilikuwa kilowati 93, nguvu ya injini ya gari la kawaida. Kilifika kwa kwenda polepole na kwa kupanga njia kulifuata jua.

Kwa vyombo vidogo kabisa naenda mbali zaidi: ngalawa na mitumbwi inayotoka jioni na kurudi alfajiri haihitaji paneli chomboni hata kidogo. Jua linapowaka, chombo kiko ufukweni; chombo kinapofanya kazi, jua halipo. Wavuvi wengi wa dagaa wa Ziwa Victoria waliohama kutoka karabai za mafuta ya taa kwenda taa za LED wamelielewa hilo. Betri inachajiwa nchi kavu, inabebwa jioni pamoja na nyavu. Paneli iliyobaki juu ya paa la mwenyewe haipigwi na chumvi, haikanyagwi, haiibiwi gatini, na kivuli cha tanga hakiijui.

Yapo mambo ambayo hakuna ufundi utakaoyapata kwa wati 50. Mashine ya nguvu farasi 15 ni kilowati 11, mara 220 ya paneli hiyo. Anayeahidiwa kuendesha boti ya uvuvi kwa sola mbili tatu anadanganywa. Jokofu dogo la volti 12, katika joto letu, linakula wati-saa 400 hadi 600 kwa siku, na linataka paneli za wati 150 hadi 200 zisizo na kivuli. Barafu ya kununua bado ina hesabu nzuri kwa safari ya siku mbili. Na masika, mawingu yakitanda juma zima, mavuno yanashuka mpaka nusu au chini ya hapo, na jibu la siku hizo ni kuzima redio mapema.

Aliyekwisha kubadilisha balbu, kuzima inveta, kunenepesha waya, kupata betri ya saizi yake na kuihamisha paneli kufuata jua, akapima kwa mita na bado kukapungua, huyo anunue ya pili. Iwe ndogo kama ya kwanza, yenye volti zilezile. Aifunge upande wa pili wa chombo na kuziunga sambamba, si mfululizo, ili tanga likilala upande huu liiache ile ya upande wa pili ikivuna.